Maganda ya Chungwa na Samaki wa Bwawani: Halali Tumeijua, Je, Haki?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.t.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake.



Nchi yetu ya Uganda imejaaliwa matunda. Teso kuna machungwa na maembe, Kayunga na Luweero kuna mananasi, na ndizi hazina hesabu. Mwaka 2019 kilizinduliwa kiwanda cha kusindika matunda cha Soroti, kilichojengwa kwa msaada wa Korea Kusini, ili mkulima wa Teso apate soko la machungwa na maembe yake. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini popote juisi inapokamuliwa, iwe kiwandani au kwenye mashine ndogo ya kijana wa sokoni, hubaki kitu ambacho ni wachache wanaokizungumzia: maganda, makapi na kokwa. Chungwa likikamuliwa, karibu nusu ya uzito wake haiingii kwenye chupa.

Wataalamu wa ufugaji wa samaki wanasema mabaki haya yana kazi. Yakikaushwa, yakasagwa na kuchanganywa na vyakula vingine, yanaweza kulishwa samaki wa mabwawani. Mwanafunzi wa sharia akisikia hivyo huulizwa mara moja: samaki aliyelishwa taka ni halali? Nitalijibu swali hilo, na jibu lake si gumu. Lakini liko swali jingine ambalo halipewi nafasi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maganda ambayo jana yalikuwa ya yeyote mwenye gunia, leo yakishakuwa na bei, yanakuwa haki ya nani?

Tukielewe kitu kabla ya kukihukumu

Walimu wetu wa usuli hutukumbusha kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukielewa. Basi tuanze na samaki mwenyewe.

Mfugaji wa samaki, awe na bwawa la kuchimba kijijini au vizimba ndani ya Ziwa Victoria, kwa kawaida hutumia zaidi ya nusu ya gharama zake kwenye chakula. Chakula hicho hutengenezwa kwa mahindi na pumba, mashudu ya pamba, alizeti au soya, na mukene waliokaushwa na kusagwa. Mukene ni wale samaki wadogo wanaoitwa dagaa Tanzania na omena Kenya. Ziwa ni moja na samaki ni yule yule, na katika nchi zote tatu ndiye kitoweo cha mtu asiyemudu kipande cha sangara. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mukene wanaovuliwa haifiki kwenye sufuria ya mtu. Huenda kwenye vinu vya chakula cha kuku na cha samaki wa kufugwa. Nayo mahindi ndiyo posho tunayokula sisi wanafunzi pamoja na maharage, wiki hadi wiki. Kwa hiyo samaki wa bwawani anakula sahani moja na masikini, na mwenye pesa ndiye anayeamua nani aanze kula.

Hapo ndipo maganda yanapoingia. Majaribio yaliyofanywa katika nchi mbalimbali yameonyesha kuwa ngege, ambaye Tanzania huitwa sato na ambaye kwa maumbile yake hula mimea na vijidudu vya majini, anaweza kupewa unga wa maganda ya machungwa, maembe, mananasi au ndizi badala ya sehemu ya mahindi, naye akakua vizuri. Nasema sehemu. Maganda hutia nguvu mwilini lakini yana protini kidogo na nyuzinyuzi nyingi, na yale ya machungwa yana mafuta makali na uchungu. Yakizidi, samaki hudumaa. Ngege anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 25 hadi 35 hivi, na kambare anahitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo maganda yanaweza kumpunguzia mfugaji mahindi, lakini hayawezi peke yake kuchukua nafasi ya mukene.

Ipo njia ya pili. Maganda na makapi hupewa mabuu ya inzi mmoja mweusi, ambaye wataalamu humwita Hermetia illucens. Mabuu hao hula mabaki ya matunda kwa pupa, hunenepa katika muda wa wiki mbili au tatu, kisha hukaushwa na kusagwa. Karibu asilimia 40 ya unga wao ni protini. Hawa ndio wanaoweza kumpunguzia mfugaji mukene.

Na tukumbuke maganda yasipotumiwa hufanya nini. Yana maji mengi, huoza kwa siku chache, huita nzi, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye rundo lake yakifika kwenye kijito hula hewa iliyomo majini mpaka samaki wakafa. Ganda lile lile linaweza kuwalisha samaki au kuwaua, kutegemea binadamu amelipeleka wapi.

Swali jepesi: je, ni halali?

Wako wanaosikia neno taka wakakumbuka hukumu ya jallala, yaani mnyama aliyezoea kula najisi. Mtume (s.a.w.) amekataza nyama na maziwa yake katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Wanavyuoni wametofautiana juu ya uzito wa katazo hilo. Imam Malik ameruhusu kuliwa kwake. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba ni makruhu endapo nyama imebadilika kwa sababu ya kile alichokula. Kauli mashuhuri kwa Mahanbali ni kwamba ni haramu mpaka azuiliwe na kulishwa kitu safi kwa siku kadhaa. Lakini tofauti hiyo haitugusi hapa, kwa sababu ganda la chungwa si najisi. Ni kitu twahara kilichotoka kwenye tunda twahara, nasi tumekiita taka kwa kuwa tumemaliza haja yetu nacho.

Na mabuu je? Kuwala sisi wenyewe ni jambo ambalo wanavyuoni wengi hawaliruhusu, lakini mnyama kula kitu ambacho mtu hali ni mambo ya kila siku. Kuku wa nyumbani anachokoa wadudu tangu asubuhi na hakuna anayeuliza. Tena wengi wetu tuliopitia madrasa za Kishafi tunakumbuka kwamba Safinat an-Najah inataja najisi tatu zinazotwaharika: pombe ikigeuka siki yenyewe, ngozi ya mzoga ikidibaghiwa, na kile kinachogeuka kuwa mnyama. Wafafanuzi hutoa mfano wa funza wanaotoka kwenye mzoga. Ikiwa funza wa mzoga wamepata nafasi hiyo katika fiqhi, basi funza waliokulia kwenye maganda ya embe jambo lao ni jepesi zaidi.

Mtu atauliza pia kuhusu makapi yaliyokaa kwenye gunia mpaka yakachacha. Kuchacha na kulevya ni mambo mawili. Kinachoharamisha ni ulevi, na harufu ya uchachu peke yake haifanyi makapi kuwa khamr. Anayekusanya makapi kwa nia ya kutengeneza kinywaji cha kulevya ana hukumu yake, na anayeyaanika juani kwa ajili ya samaki hayumo katika kundi hilo.

Zaidi ya kuwa halali, Sunna yenyewe inatuelekeza huku. Tazama hadithi mbili. Ya kwanza imo katika Bukhari na Muslim: kondoo wa sadaka aliyepewa mjakazi aliyeachwa huru wa Bibi Maymuna (r.a.) alikufa, Mtume (s.a.w.) akapita akauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Wakamwambia ni mzoga. Akawabainishia kuwa kilichoharamishwa ni kumla tu. Watu walikuwa wameshakiona kitu chote kuwa cha kutupwa, naye akawaonyesha kwamba ndani ya kilichotupwa kulikuwa na manufaa.

Ya pili, nayo imo katika vitabu hivyo viwili, ni ya safari ya Tabuk. Maswahaba walipofika al-Hijr, nchi ya kina Thamud, waliteka maji ya visima vya pale na kukandia unga. Mtume (s.a.w.) akawaamuru wayamwage maji yale, na ule unga uliokandwa wawape ngamia. Chakula ambacho watu hawakuruhusiwa kukila hakikuachwa mchangani. Kilipelekwa kwa mnyama. Humo mna mpangilio wa wazi: binadamu kwanza, kisichomfaa binadamu kiende kwa mnyama, na kisichomfaa mnyama ndipo kirudi ardhini kuwa mbolea.

Hapa mtu angeweza kufunga makala na kusema alhamdulillah. Maganda ni twahara, samaki ni halali, taka zimepungua, mahindi na mukene wamepata nafuu. Pakiti itabandikwa alama ya halali na kila mtu atakwenda zake.

Swali zito: haki ya nani?

Tazama lakini ni nani anayeyachukua maganda hayo leo. Katika miji yetu mingi, mabaki ya matunda hayalali sokoni yote. Yuko mama mjane mwenye mbuzi wawili, anayepita jioni na gunia kwa wauza mananasi. Yuko mzee anayefuga ng'ombe mmoja wa maziwa nyuma ya nyumba, hana shamba la majani. Wako watoto wanaokusanyia sungura wao. Hawa hawana mkataba na mtu. Wanachukua kwa sababu mwenye maganda anataka kuondolewa uchafu, nao wanataka malisho.

Sasa mfikirie mfanyabiashara anayekuja na lori na mzani. Ana nia njema kabisa: anataka kulisha samaki, anataka kupunguza uchafu, pengine amesoma makala kama hii. Anamwambia mwenye mashine ya juisi: nitanunua maganda yako yote, kila siku, kwa kilo. Kuanzia kesho yake, mama wa mbuzi wawili akija anakuta mlango umefungwa. Hili si jambo la kubuni tu. Kampala maganda ya matoke yalikuwa kitu cha kuokota, na leo yanauzwa kwa gunia kwa wafugaji. Chochote kinachopata mnunuzi hupata mwenyewe, na mwenyewe hupata kufuli.

Ndipo nikarudi kwenye aya tunazozisoma kila tunapozungumzia ubadhirifu, nikakuta jambo ambalo ni rahisi kulipita. Katika Surat al-An'am aya ya 141, Allah (s.w.t.) anataja bustani, mitende, mazao ya namna mbalimbali, mizeituni na makomamanga, kisha anaamrisha tule matunda yake, tutoe haki yake siku ya kuvunwa, na tusifanye israfu. Katika Surat al-Israa aya ya 26 na ya 27, anaamrisha jamaa, masikini na msafiri wapewe haki yao, kisha anakataza ubadhirifu na kuwataja wabadhirifu kuwa ndugu wa mashetani. Mara zote mbili, katazo la kupoteza limeshikana na amri ya kutoa. Sisi tumezoea kuzikata aya hizi katikati. Tunachukua kipande cha "msitupe" na kukifanya somo la mazingira, na kipande cha "toeni" tunakiachia mkusanyaji wa sadaka.

Mtu anaweza kuacha kupoteza kabisa, asitupe hata kokwa moja, na bado akawa hajatimiza aya hizo, kwa sababu kila kilichookolewa kimeingia mfukoni mwake.

Kisa kinachonitisha zaidi katika jambo hili kimo katika Surat al-Qalam, kuanzia aya ya 17. Watu wa bustani waliapa kwamba watayachuma matunda yao alfajiri. Wakatoka wakinong'onezana kwamba siku hiyo asiingie kwao masikini yeyote. Walipofika wakakuta bustani imeshateketea usiku. Wafasiri wengi husimulia kuwa baba yao alikuwa akiwaachia mafukara fungu lao, na wana walipoirithi wakaona baba alikuwa mpumbavu.

Ndugu msomaji, angalia vizuri kosa la watu hawa. Hawakuwa wezi. Bustani ilikuwa yao. Hawakuwa wabadhirifu pia, kwa maana walikusudia kuchuma kila tunda, mapema, kwa bidii, bila kupoteza kitu. Kwa vipimo vya wasimamizi wa biashara wa leo, mpango wao ulikuwa mzuri. Kilichowaangamiza ni kwamba ule mpango ulijengwa juu ya kumfungia mlango aliyekuwa akiingia.

Wenye hoja nyingine

Nimejadiliana na wenzangu juu ya jambo hili, na hoja zao si za kupuuza.

Hoja ya kwanza: maganda ni mali ya aliyenunua matunda. Alichokuwa akitoa ni hisani, na hisani haiwi deni. Tena katika madhehebu yetu ya Shafi hakuna zaka katika machungwa, sembuse maganda yake. Ni kweli. Kadhi hawezi kumlazimisha mwenye mashine ya juisi ampe mama gunia la maganda. Lakini wanavyuoni wenyewe wametofautiana juu ya ile haki ya siku ya kuvuna. Wako waliosema ni zaka, na wako waliosema ni kitu kingine wanachopewa waliohudhuria mavuno hata kama hakina kiwango. Na kisa cha al-Qalam hakisemi watu wale walikataa zaka. Kinataja nia yao ya kumzuia masikini. Yako mambo ambayo hayafiki kwa kadhi lakini yanafika kwa Allah.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wanasema: lori la maganda litaleta kazi. Watahitajika wa kukausha, wa kusaga, wa kupakia. Samaki watakuwa wengi na bei itashuka, na masikini atakula ngege. Je, faida hii si kubwa kuliko mbuzi wawili? Huenda ni kubwa. Lakini tusiharakishe kujumlisha. Anayepata na anayepoteza hapa si mtu mmoja. Kijana aliyeajiriwa kwenye kinu amepata mshahara. Mama amepoteza mbuzi. Na hesabu ya kijiji ikionyesha faida, mbuzi wake hawafufuki. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi sisi tuliosoma ndio wenye shibe tunaoshika kalamu ya hesabu. Faida ya wengi inaweza kuwa hoja ya kufanya jambo. Haiwezi kuwa hoja ya kumsahau yule mmoja wakati faida hiyo hiyo ingetosha kumfidia.

Na hapa Sayyidna Umar (r.a.) ametuachia mfano, katika Sahih al-Bukhari. Alipomweka Hunayy kusimamia malisho ya hifadhi, alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingie, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Hawa wawili ni katika Maswahaba bora kabisa, wakarimu ambao mali zao zilisaidia Uislamu. Umar hakuwatuhumu kwa lolote. Sababu aliyoitoa ni kwamba mifugo yao ikiangamia, wanayo mitende na mashamba ya kurudia. Lakini mwenye mifugo michache akipoteza, atakuja na watoto wake akilia mlangoni kwa Amirul Muuminin. Umar alipima jambo kwa kuuliza: nani hana pa kwenda? Kipimo hicho ndicho tunachokihitaji mbele ya rundo la maganda.

Basi tufanye nini?

Sisemi maganda yasilishwe samaki. Nasema kinyume chake: yalishwe, na Muislamu awe wa mbele katika kazi hiyo, lakini kwa kuzingatia mambo manne.

Kwanza, kisiitwe taka kile ambacho bado ni chakula cha mtu. Chungwa dogo au embe lenye doa limekataliwa na mnunuzi kwa sura yake tu. Likitupwa kwenye lundo la samaki wakati watoto wa mtaa wa pili wanalihitaji, tumeuvunja ule mpangilio wa al-Hijr. Tena mabaki yakianza kuleta pesa, kishawishi cha kuzembea kwenye kukamua na kuhifadhi kinaongezeka. Asije mtu akatupa zaidi kwa kuwa kutupa kumeanza kulipa.

Pili, aliyekuwa akichukua asifungiwe. Mwenye lori anaweza kuacha fungu, au kumpokea mama yule kama mkusanyaji wa kulipwa, au kumwachia maganda ya siku maalumu. Mkulima wa zamani aliacha mashuke ya pembeni bila kuhitaji semina. Fungu hilo halitaua biashara, na huenda likawa ndiyo baraka yake.

Tatu, pasiwe na madhara. Mtume (s.a.w.) ameweka msingi kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Maganda hubeba viuatilifu vilivyopuliziwa shambani, na yakikaushwa vibaya huota ukungu na kuingiwa na sumukuvu, ambayo huwadhuru samaki na inaweza kumfikia mlaji. Kuyapima na kuyakausha ipasavyo ni sehemu ya amana. Samaki naye ni kiumbe anayestahiki ihsani. Kumjaza makapi mpaka akadumaa kwa kuwa ni ya bei ndogo ni kumfanya pipa la taka.

Nne, nafuu ifike inakotarajiwa. Ikiwa mabuu waliolishwa maganda wamemwezesha mfugaji kupunguza mukene, kisha mukene hao wakanunuliwa wote na kinu cha chakula cha kuku, sahani ya masikini haijabadilika. Anayesema mradi wake unamsaidia masikini aonyeshe ni kwa njia gani, siyo kulitaja jina lake kwenye ombi la fedha tu.

Kwetu sisi chuoni, kazi inaweza kuanza kwa kitu kidogo. Ramadhani ikifika, kila jioni tunakata matikiti, mananasi na maembe kwa ajili ya futari ya pamoja, na maganda yake yanajaza mapipa. Kabla ya kamati ya futari kutafuta mradi wa kuyageuza, iulize kwanza majirani wa chuo: nani anafuga, na nani amezoea kuyachukua? Apewe huyo. Yakibaki, tunao wenzetu wanaosoma kilimo na ufugaji wanaojua kukausha na kuchanganya, nasi tunaosoma sharia tuna la kuchangia. Tumezoea kukutana nao msikitini tu, wao wakidhani maswali yao ni ya maabara na sisi tukidhani yetu ni ya vitabuni. Suala la ganda la chungwa linatuhitaji sote wawili.

Amesema Mtume (s.a.w.), kwa maana ya hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti, kikaliwa chochote humo na ndege, mtu au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Sioni kwa nini samaki asiingie katika hesabu hiyo, wala mbuzi wa mjane. Mpandaji anaandikiwa sadaka kwa kila anayekula. Sisi tunaokuja baada yake, wenye mashine, mizani na malori, tumwombe Allah tusiwe ndio tuliosimama mlangoni kumzuia mmoja wao.

Allah (s.w.t.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotumia neema yake bila kuipoteza na bila kuifungia, na azipe baraka riziki za wakulima, wavuvi na wafugaji wetu. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq.